Nani Alilipa Nauli? Kuifuata familia ya wachimba madini kutoka Cornwall hadi Australia Kusini

John Verran alizaliwa mwaka 1856 huko Gwennap, katikati ya migodi ya shaba ya Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Alikuwa bado mchanga wazazi wake walipovuka naye bahari kwenda koloni la Australia Kusini. Familia ilikaa Kapunda, kisha ikahamia Moonta, na kote huko riziki yao ilikuwa ileile waliyoiacha nyuma: shaba. Mtoto aliingia kazini mgodini kabla utoto haujamwisha, akawa mhubiri wa Kimethodisti, akaongoza chama cha wachimbaji, na mwaka 1910 akawa waziri mkuu wa Australia Kusini. Alikotoka hakuna asiyeweza kukujua, kwa kuwa mwenye cheo kama hicho huandikiwa wasifu.

Katika migodi ileile walikuwepo maelfu ya akina John wengine ambao hawakuandikiwa wasifu wowote. Walizaliwa, wakachimba, wakazika watoto, wakazikwa. Leo wajukuu wa vitukuu vyao wanatafuta jambo dogo tu: babu alitoka kijiji gani, alipanda meli mwaka gani, na kwa nini. Wengi wanaanza utafutaji kwa kufuata jina. Nadhani hapo ndipo wanapopotea. Mtu asiye na shamba wala wasia huonekana kwenye karatasi pale tu ambapo mwingine alikuwa na haja ya kumhesabu, kumlipa, kumtoza au kumzika. Kwa hiyo kila karatasi unayoishika inapaswa kuulizwa kwanza: wewe uliandikwa kwa faida ya nani? Na kwa familia iliyovuka bahari, swali hilo lina umbo lake maalumu: nani alilipa nauli?

Safari kutoka Plymouth hadi Port Adelaide kwa meli ya tanga ilichukua miezi mitatu hadi minne. Nauli ya mtu mzima mmoja, hata kule chini ya sitaha walikolala maskini, ilikuwa sawa na mshahara wa miezi mingi wa mchimbaji. Zidisha kwa mke na watoto watano. Familia ya namna hiyo haikuwa na uwezo wa kujilipia, na bado walisafiri kwa maelfu. Pesa ilitoka mahali.

Ilitoka kwenye ardhi. Australia Kusini, iliyotangazwa rasmi kuwa koloni tarehe 28 Desemba 1836, haikuanzishwa kama makoloni ya jirani yaliyopokea wafungwa kutoka Uingereza. Ilijengwa juu ya nadharia ya Edward Gibbon Wakefield, mtu aliyeanza kuandika mawazo yake akiwa amefungwa katika gereza la Newgate, London, kwa kosa la kumtorosha binti wa tajiri. Wazo lake lilikuwa hivi: ardhi ya koloni isigawiwe bure, iuzwe kwa bei maalumu, na bei hiyo iwe juu kiasi cha kumzuia kibarua asinunue shamba mara tu ashukapo melini. Pesa ya mauzo itumike kuwaleta vibarua wengine. Tajiri anapata ardhi na mikono ya kuilima. Maskini anapata safari ya bure na ajira. Na koloni linakua bila serikali ya London kutoa senti.

Mpango huo ndio uliozaa karatasi. Aliyelipiwa nauli ilibidi aombe, na aliyeomba ilibidi aandikwe. Rejesta ya vibarua walioomba safari ya bure kwenda Australia Kusini kati ya mwaka 1836 na 1841 ipo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London. Ndani yake kuna jina la mwombaji, kazi yake, hali ya ndoa, umri, na mahali alipokuwa akiishi. Kwa mtafutaji hii ni lulu, ila inataka kusomwa kwa tahadhari mbili.

Ya kwanza ni kwamba kuomba si kusafiri. Wapo walioandikwa, wakapewa namba, halafu mke akaugua au mama mzee akalia, na hawakuondoka. Ya pili ni nzito zaidi. Makamishna waliotoa nauli walitaka watu wa aina fulani: vijana, wenye afya, wenye ndoa, wanaofanya kazi kwa mikono, na wanawake wawe karibu sawa na wanaume ili koloni lisijae wahuni. Umri ulikuwa na kikomo. Tuseme mtu ana miaka 39 na anajua kwamba wenye umri wake hukataliwa. Mbele ya karani atasema ana miaka mingapi? Na kama wiki hiyo wanaotakiwa ni vibarua wa shambani, mchimbaji wa tangu utotoni atasema anafanya kazi gani? Mtafutaji akikuta "William, kibarua wa shamba, miaka 34" hujisemea, huyu si babu yangu, babu yangu alikuwa mchimbaji na alizaliwa miaka mitano kabla. Anafunga ukurasa, na babu anabaki humo ndani. Miaka ile mitano iliyopunguzwa haikuwa uzembe wa karani. Ni uamuzi wa mtu aliyepiga hesabu akaona mlango unataka kufungwa, akajipunguza ili apite. Kwangu mimi hakuna mahali pengine katika nyaraka hizi ambapo sauti ya mtu maskini inasikika waziwazi kiasi hicho.

Mwaka wa kuondoka nao unasema mengi kuhusu sababu. Katika miaka ya 1840 Cornwall ilikumbwa na ugonjwa wa viazi uleule ulioiangamiza Ireland, na mwaka 1847 wachimbaji wenye njaa waliandamana hadi bandarini na sokoni kuzuia nafaka isisafirishwe wakati watoto wao hawana mkate. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, shaba ilikuwa imegunduliwa Kapunda mwaka 1842, kisha Burra mwaka 1845, na Burra ikawa tajiri kiasi cha kuitwa Mgodi Jitu. Familia iliyoondoka wakati huo ilikimbia njaa, lakini pia ilikuwa inaitwa. Aliyeondoka baada ya mwaka 1866 ana simulizi nyingine. Mwaka huo bei ya shaba ilianguka, migodi ya Cornwall ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na mtu mwenye ujuzi wa vizazi vitatu akajikuta hana pa kuutumia. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika karne moja iliyoishia mwaka 1914, watu karibu robo milioni walitoka Cornwall kwenda ng'ambo, kutoka kimkoa ambacho watu wake wote hawakuwahi kufika nusu milioni wakati huo.

Ujuzi huo ulikuwa wa kweli, tena si wa misuli tu. Wachimbaji wengi wa Cornwall hawakulipwa kwa siku. Kila baada ya muda fulani mgodi ulifanya mnada: sehemu ya mwamba ilitajwa, na vikundi vya wachimbaji vikashindana kwa kutaja kiwango kidogo ambacho wangekubali kupokea kwa kila pauni ya thamani ya mawe watakayotoa. Aliyeusoma mwamba vizuri alipata. Aliyekosea alifanya kazi miezi miwili akatoka na deni la mishumaa na baruti. Walipofika Burra na Moonta waliuhamisha mfumo huo mzima pamoja na pampu zao za mvuke, nyumba za mawe za mitambo, na hata lugha ya kazi.

Lugha hiyo imewapotosha watafutaji wengi. Ukisoma gazeti la Moonta likitaja "Kapteni" fulani, usikimbilie kwenye orodha za manahodha. Kwa watu wa Cornwall kapteni ni msimamizi wa mgodi. Henry Richard Hancock, aliyesimamia migodi ya Moonta kuanzia mwaka 1864 kwa zaidi ya miaka thelathini, aliitwa kapteni maisha yake yote, na hakuwa baharia.

Mtego mwingine ni wa majina ya mahali. Cheti cha Australia kikisema mtu alizaliwa Redruth, mtafutaji huvuka bahari kwa furaha na kuanza kupekua vitabu vya parokia ya Redruth, Cornwall. Lakini Burra nayo ilikuwa na Redruth yake, kitongoji kilichopewa jina hilo kwa ajili ya wachimbaji hao, karibu na Aberdeen ya Waskoti na Llwchwr ya watu wa Wales. Mtoto aliyezaliwa Redruth ya Burra hakuwahi kuiona Cornwall. Linganisha mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa meli kabla hujavuka kwenda popote.

Majina ya watu yanasaidia na kutatiza kwa pamoja. Majina ya ukoo ya Cornwall yanajulikana kwa mianzo yake, Tre, Pol na Pen, yaani makazi, bwawa na kichwa cha kilima katika Kikornishi cha zamani. Chenoweth ni "nyumba mpya". Jina kama hilo ukilikuta Australia, unajua pa kuelekea. Tatizo ni majina ya kwanza: John, William, Thomas, Mary, Elizabeth, Jane, yakizunguka kwa mabinamu kumi katika parokia moja. Ahueni ipo katika desturi yao ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama yake au bibi yake liwe jina la kati. Mvulana mwenye jina la kati linalosikika kama jina la ukoo amebeba nusu ya nasaba yake hadharani, na mara nyingi jina hilo ndilo linalomtenganisha John mmoja na wale tisa.

Basi mtafutaji aanzie wapi? Aanze na kaburi, arudi nyuma kuelekea utotoni. Koloni la Australia Kusini lilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Julai 1842, lakini cheti chake cha kifo katika karne ya 19 ni kikavu: jina, umri, kazi, chanzo cha kifo, na wazazi hawatajwi. Watu wengi hukwama hapo. Jirani yake Victoria, iliyoanza Julai 1853, iliandika karibu kila kitu: jina la baba na kazi yake, jina la mama pamoja na ukoo wake, mahali pa kuzaliwa, miaka aliyokaa koloni, alioa wapi akiwa na umri gani, na majina ya watoto. Makoloni haya yalijitawala kila moja peke yake hadi yalipoungana tarehe 1 Januari 1901, ndiyo maana hakuna daftari moja la taifa la kupekua.

Tofauti hiyo inaweza kugeuzwa kuwa msaada. Dhahabu ilipogunduliwa Victoria mwaka 1851, wachimbaji wa Burra waliondoka kwa makundi hadi mgodi ukakaribia kusimama. Baadhi walirudi, wengine walibaki Ballarat na Bendigo. Kwa hiyo kama babu yako alifia Moonta na cheti chake hakisemi neno kuhusu wazazi, mtafute ndugu yake wa tumbo moja aliyefia Victoria. Baba yao ni mmoja na mama yao ni mmoja. Cheti cha huyo ndugu kitakutajia wazazi wa wote wawili, na pengine parokia waliyozaliwa. Watu wanapoteza miaka mingi wakifuata mstari wao mmoja tu, kana kwamba ukoo ni uzi, wakati ni wavu.

Ukishapata parokia, Cornwall inafunguka kwa urahisi zaidi. Sensa ya mwaka 1841 itakupa nyumba nzima, ingawa umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, na mahali pa kuzaliwa paliulizwa kwa ujumla tu: mkoa huu au siyo. Sensa ya mwaka 1851 ni bora, inataja parokia na uhusiano wa kila mtu na mwenye nyumba. Uandikishaji wa serikali ulianza Uingereza na Wales Julai 1837, na vyeti vya ndoa vya tangu hapo vinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa. Na hapa lazima kukumbuka kwamba nusu ya roho ya Cornwall ilikuwa ya Kimethodisti. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri mara nyingi katika shimo la Gwennap, bonde la duara ambalo watu walikaa kwenye ngazi zake za majani. Ndoa zililazimika kufungwa katika kanisa la parokia hadi mwaka 1837, lakini ubatizo ungeweza kufanyika kanisani kwa Wamethodisti. Ukiikuta ndoa ya wazazi na usiwaone watoto, tafuta kanisa la pili. Nyaraka nyingi za mkoa huo sasa ziko Kresen Kernow, hifadhi iliyofunguliwa Redruth mwaka 2019.

Wanawake ni wagumu zaidi, na si kwa bahati mbaya. Cornwall wasichana walifanya kazi juu ya mgodi, wakipasua mawe ya shaba kwa nyundo tangu wakiwa na miaka kumi hivi. Ilikuwa kazi ya mshahara, lakini makarani wa sensa mara nyingi waliacha wazi nafasi ya kazi yao, na wakifika Australia wanaandikwa "mke wa" basi. Hata hivyo mwaka 1874, katika mgomo wa Moonta, wanawake hao waliingia mgodini na mafagio wakawafukuza waliokuwa wakiendesha mitambo, na magazeti yakalazimika kuandika habari zao. Magazeti hayo ya koloni yamewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Australia, na kuyasoma ni bure.

Kitu ambacho hutakipata kwa urahisi ni anwani. Mwaka 1851 karibu watu 1,800 wa Burra waliishi katika mapango waliyoyachimba wenyewe kwenye kingo za kijito, na mafuriko ya mwaka huo yaliwatoa. Moonta, mgodi uliogunduliwa mwaka 1861 na mchungaji kondoo Patrick Ryan, wachimbaji walijijengea vibanda juu ya ardhi iliyokodishwa na kampuni. Nyumba ilikuwa yao, kiwanja hakikuwa chao, kwa hiyo hati miliki hakuna. Maji yalikuwa haba na machafu, homa ya matumbo ikachukua watoto, na katika makaburi ya Moonta wapo wengi wasio na jiwe lolote juu yao. Daftari la mazishi ndilo jiwe lao.

Sasa turudi kwenye nauli. Nimesema ilitoka kwenye mauzo ya ardhi, na maelezo mengi ya ukoo huishia hapo, kana kwamba ardhi iliota yenyewe. Uwanda wa Adelaide ulikuwa wa Wakaurna. Burra ilikuwa nchi ya Wangadjuri. Moonta na rasi yote ya Yorke ilikuwa ya Wanarungga. Hati ya mfalme ya Februari 1836 iliyoruhusu kuanzishwa kwa koloni ilisema wazi kwamba haki ya wenyeji kukaa na kufaidi ardhi yao haitaguswa. Kifungu hicho hakikutekelezwa. Ekari za kwanza ziliuzwa London kabla hata hazijapimwa wala wanunuzi hawajaziona, na fedha ikaingia kwenye mfuko uliompakia mchimbaji na mkewe melini. Yule William aliyejipunguzia miaka mitano hakuwahi kuwaona Wangadjuri alipotia alama ya X kwenye fomu, na sidhani alipewa nafasi ya kuuliza. Lakini kwenye mti wa ukoo, pale panapoandikwa "safari ya bure", waliolipa wana majina, na yanaweza kuandikwa.

Karatasi nyingine zote katika msururu huu zililipiwa na mtu mwingine: kamishna, karani wa sensa, kampuni ya mgodi, msajili. Iko moja, ndogo kuliko zote, ambayo familia iliilipia yenyewe. Ni tangazo la kifo katika gazeti la Australia Kusini, mistari minne au mitano inayolipiwa kwa shilingi, ikitaja jina, umri, mara nyingi kijiji alichotoka marehemu miaka arobaini nyuma, na mwishoni ombi fupi kwamba magazeti ya Cornwall yanakili habari hii. Gazeti la Truro, mji wa Cornwall, likinakili, wiki nyingi baadaye, habari inafika katika parokia ileile iliyoachwa. Kama umetafuta kwa wiki nzima usipate kitu, anza na mistari hiyo. Aliyeilipia alijua kwamba kule nyumbani bado yupo wa kuisoma.